UJUE NCHI YAKO: Dhahabu ya Mto Yala

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa upande wa Ikolomani, ametuandikia barua ya adabu akiuliza maneno mawili. La kwanza, kwa nini babu yake alikuwa akisimulia ya kwamba zamani dhahabu ilizolewa mtoni kwa karai, kama watu wazoavyo mchanga wa kujengea, na leo mtu akijaribu kufanya hivyo mto ule ule haumpi kitu ila miguu iliyokunjamana kwa maji. La pili, kijana wake ameona vitu ving'aavyo katika kijito kipitacho chini ya shamba, naye ataka kung'oa migomba yote ya bondeni ili achimbe. Je, amkataze au amwache?

Maswali haya ni mazuri, tena ni ndugu. Ajuaye jibu la lile la kwanza hatapata taabu kulijibu la pili. Kwa hiyo juma hili tumeona yafaa kueleza dhahabu ya Mto Yala ilitoka wapi, iliokotwaje, na ilikwisha kwa sababu gani.

Hapana budi kuanza na mawe. Nchi ya Kakamega imekaa juu ya mawe ambayo ni miongoni mwa mawe ya kale kupita yote ya Kenya. Wataalamu wa miamba hukadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yale ya chini yalikuwa moto: ni lava zilizomwagwa na volkano ambazo sura yake imekwisha kupotea zamani. Juu yake maji ya zamani hizo yalilaza changarawe, mchanga na matope, navyo vikashikamana vikawa mawe tena. Wataalamu waliyapa mawe hayo majina ya nchi yetu wenyewe: yale ya volkano wakayaita ya Nyanza, na haya ya changarawe na matope wakayaita ya Kavirondo. Kisha ardhi ikajikunja, na kutoka chini kabisa ikapanda graniti iliyoyeyuka, ikajisukuma kati ya mawe yale ya kwanza na kupoa humo. Mtu asafiriye kutoka Kisumu kwenda Kakamega huiona graniti hiyo bila kuonyeshwa: ndiyo majabali makubwa ya Maragoli, na ndilo jiwe refu la Ilesi ambalo watu husema linalia.

Graniti ilipopanda, maji ya moto sana yalipenya katika nyufa za mawe yaliyoizunguka. Maji hayo yalikuwa yamebeba vitu vingi vilivyoyeyuka, na dhahabu kidogo kati yake. Yalipopoa yakaacha katika zile nyufa mishipa ya jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, na ndani ya jiwe hilo chembe za dhahabu. Kwa sababu hiyo mishipa ya dhahabu ya Kakamega huonekana sana karibu na mahali graniti inapokutana na mawe ya zamani. Mingi ni myembamba. Mara nyingine mtu hufuata mshipa kwa juhudi, akaukuta umekatika kama kamba iliyoliwa na panya, na upande wa pili hauonekani.

Basi dhahabu ilikuwa ndani ya jiwe, kilimani. Iliufikiaje mto? Jibu ni mvua. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo pamoja na joto huozesha jiwe hata likawa udongo mwekundu ule tuupandao mahindi. Jiwe huoza, lakini dhahabu haiozi wala hailiwi na kutu. Jiwe lililoishika likilegea, chembe hubaki peke yake katika udongo, na kila mwaka hushuka kidogo na mmomonyoko wa ardhi, kutoka mlimani kwenda bondeni, kutoka bondeni kwenda kijitoni, na kutoka kijitoni kwenda katika Isiukhu au Yala. Nyingine haijafika bado. Imo njiani, katika udongo wa miteremko, na ndiyo sababu mara moja moja mtu alimaye shamba hukuta chembe ambapo hapana mto.

Ikisha kuingia mtoni, yaanza kazi ambayo akina mama wataielewa upesi kuliko waume, maana ni kazi ya ungo. Apetaye nafaka huirusha juu, upepo ukachukua makapi, na kile kizito kikarudi ungoni. Mto nao hupeta, ila upepo wake ni maji. Dhahabu ni nzito ajabu: ukijaza kikombe dhahabu, itaushinda uzito wa maji ya kikombe kile kile mara 19, ilhali kwatsi iliyo mchanga haiyashindi maji hata mara tatu. Tena ndani ya maji, ambamo kila kitu hupungukiwa na uzito, tofauti hukua zaidi. Humo chembe moja ya dhahabu huwa na uzito wa mara 11 kuliko chembe ya mchanga iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Kwa hiyo mafuriko yakija, mchanga hukimbia na dhahabu huzama. Huzama upande wa ndani wa kona, ambako maji hupunguza mwendo. Huzama nyuma ya jiwe kubwa. Hupenya katikati ya changarawe hata ikafika juu ya mwamba ulio chini, ikajificha katika nyufa pamoja na mchanga mweusi mzito, ule unaorukia sumaku. Na kwa kuwa mto haukai mahali pamoja siku zote, changarawe nyingine zenye dhahabu zimebaki kandokando, juu ya usawa wa maji ya leo, zimefunikwa na udongo na nyasi.

Tafadhali msomaji ashike neno hili, maana ndilo shina la habari yote. Dhahabu iliyokuwa katika changarawe za Yala haikuwa mshahara ambao mto huulipa kila mwezi. Ilikuwa akiba, iliyowekwa chembe kwa chembe kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka. Bonde ni jembamba na changarawe zake si nene, kwa hiyo akiba yenyewe haikuwa kubwa. Akija mtu akaitoa yote kwa miaka miwili, atakayekuja nyuma yake angoje maelfu ya miaka mengine.

Nao walikuja. Mwaka wa 1931 ulikuwa mwaka mbaya. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani kote tangu 1929, nzige walikuwa wamepita, na walowezi wengi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa na madeni yasiyolipika. Mmoja wao, Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, aliteremka katika nchi ya Kavirondo ya Kaskazini, kama wilaya ilivyoitwa siku zile, akaosha changarawe za Yala, na mwezi wa Oktoba 1931 akapata dhahabu. Habari kama hii haifungiki sandukuni. Isitoshe, mwezi mmoja kabla yake Uingereza ilikuwa imeacha kuifunga fedha yake kwa dhahabu, na bei ikaanza kupanda. Wakia moja iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 85 hivi ilifika karibu shilingi 140 mwaka wa 1934. Mkulima ambaye gunia lake la mahindi halikuwa na bei, na ambaye alisikia neno hilo, aliliacha jembe la ng'ombe akanunua sululu.

Mamia ya Wazungu walipiga mahema kando ya mito ya Kakamega, wakapiga vigingi vya mipaka. Waliopiga vigingi walikuwa karibu wote Wazungu, na waliosimama majini wakichota changarawe walikuwa Waafrika, kwa maelfu, kwa mshahara mdogo. Akina mama wa Idakho, Isukha na Maragoli walipata soko la kuku, mayai, ndizi na unga karibu na mlango, na twaweza kusema bila kumpendelea mtu ya kwamba sehemu kubwa ya fedha iliyobaki katika vijiji ilitoka katika vikapu hivyo na katika mishahara, si katika dhahabu yenyewe.

Namna ya kazi ilikuwa hivi. Mtu mmoja aweza kutumia karai peke yake: hulijaza changarawe, hulizamisha, hulizungusha na kulitikisa hata mchanga mwepesi ukamwagika ukingoni na mchanga mweusi ukabaki chini, na katika ule mweusi, ikiwa ana bahati, mstari mwembamba wa njano. Makarani wetu wapendao hesabu watazame hii. Karai moja la changarawe ni kilo 10 hivi. Makarai 100 ni tani moja. Tuseme changarawe ina gramu moja ya dhahabu katika kila tani. Wakia ya dhahabu ni gramu 31 na kidogo. Kwa hiyo yahitajiwa makarai 3,100 na zaidi ili kupata wakia moja, na mtu hodari aoshaye makarai 50 kwa siku atashinda majini siku 62. Na wakia hiyo nzima, akiisha kuipata, ukubwa wake hauzidi punje tano au sita za mahindi.

Kwa sababu hiyo karai lilikuwa la kupimia tu. Mahali palipoonekana pema waliweka mfereji wa mbao ulioinama kidogo, wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa kukingama sakafuni, wakayageuza maji ya mto yapite humo. Vibarua humimina changarawe kwa chepe upande wa juu, maji huikokota, na dhahabu hunaswa nyuma ya vile vipande. Mfereji mmoja hufanya kwa siku kazi ambayo karai lingefanya kwa majuma. Lakini mfereji uongezao upesi wa kuokota huongeza pia upesi wa kumaliza. Changarawe tajiri zilikwisha katika miaka michache, na wale waliokuja na karai na hema wakaanza kurudi mashambani kwao, wengine maskini kuliko walivyokuja.

Waliobaki walikuwa wenye mitaji. Walipanda mto kinyume, wakapima kila kijito, na mahali dhahabu ilipokoma mtoni wakajua mshipa wake u karibu, wakapanda kilimani kuutafuta. Serikali nayo ilikuwa imemwita Sir Albert Kitson, mtaalamu wa miamba aliyekuwa amejipatia sifa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, aje akague, naye alitoa taarifa yake mwaka wa 1932. Katika migodi iliyochimbwa ndani ya mwamba, ule wa Rosterman ndio uliokuwa mkubwa. Ulifungwa mwaka wa 1952. Jina lake limebaki, nalo ni jina la mtaa wa mji wa Kakamega. Watoto waendao shule hapo hulitaja kila siku pasipo kujua ni la nini.

Sasa twafika kwenye jambo lililowaumiza watu kuliko vumbi la migodi. Mwaka wa 1930 Serikali ya Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, iliyosema ya kwamba ardhi iliyotengwa kwa ajili ya makabila ni yao milele. Ikiwa kipande kitatakiwa kwa manufaa ya watu wote, basi kipande kingine kilicho sawa nacho kitatolewa badala yake, na baraza la wenyeji litaarifiwa kwanza. Wazee walisomewa maneno haya. Dhahabu ikaonekana mwaka uliofuata, na mwezi wa Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Ardhi iliyotakiwa kwa migodi iliweza tangu hapo kutengwa kwa muda, wenyewe wakalipwa fedha tu bila ardhi nyingine, wala haikuwa lazima tena kupitia barazani.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mgodi hauishi milele, na ukiisha ardhi itarudi. Sisi twaona hoja hiyo iliandikwa na mtu asiyelima. Aliyetolewa katika shamba kwa miaka kumi hajui atapanda wapi katika miaka hiyo kumi, na katika nchi iliyojaa watu kama Maragoli na Idakho hapakuwa na shamba la kununua kwa fedha ile. Neno "milele" lilikuwa limedumu miaka miwili. Hata Uingereza kwenyewe jambo hili lilileta kelele, na mwanzoni mwa mwaka wa 1933 lilijadiliwa katika Bunge, na miongoni mwa waliolikosoa alikuwa Lord Lugard, mtu ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa utawala wa Waingereza. Sheria haikurudishwa. Lakini katika nchi ya Waluhya, watu ambao mpaka wakati ule kila ukoo ulikuwa ukitazama mipaka yake tu walianza kukutana na kuandika barua za pamoja.

Migodi ya Wazungu ilipofungwa, dhahabu haikusahauliwa. Vijana wa Ikolomani, Shinyalu na kwingineko waliendelea kuchimba kwa mikono, na wangali wakichimba. Hushuka katika mashimo membamba yenye kina kirefu, yaliyoegemezwa kwa miti, na mvua kubwa ikinyesha mara kwa mara kuna msiba. Jiwe husagwa, huoshwa, na mwishowe huchanganywa na zebaki, ambayo huishika dhahabu kama gundi. Kisha huchomwa motoni, zebaki ikaruka kuwa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi huo hauonekani vizuri wala hauna harufu ya kumwonya mtu, nao huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia kabla hajazaliwa. Zebaki imwagwayo hufika mtoni, ikaingia katika samaki, na samaki wakaingia katika sufuria. Mataifa yamefanya mapatano ya kuipunguza, yaliyoanza kutumika mwaka wa 2017, nayo yamepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliharibiwa na zebaki ya kiwanda kwa njia hiyo ya samaki. Achomaye zebaki jikoni, watoto wakiwa wameota moto huo huo, afadhali angewaza kwanza juu ya mji ule.

Makampuni nayo yamerudi. Mwaka wa 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa kutafuta dhahabu katika Kenya ya magharibi, na maeneo ya Isulu na Bushiangala yametajwa sana tangu hapo. Kwa hiyo swali la 1932 liko mlangoni tena, ila sheria si ile. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, yakishikwa na Serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Shamba lako ni lako, dhahabu iliyo chini yake siyo. Lakini sheria hiyo hiyo yasema leseni isitolewe juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mwenye hati, ingawa yasema pia asiikatae idhini bila sababu ya haki. Na katika mrabaha unaolipwa, asilimia 70 ni ya Serikali ya taifa, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii ya mahali pale. Asiye na hati yenye jina lake, ambaye bado analimia hati ya marehemu babu yake, ana udhaifu mkubwa siku mgeni atakapobisha hodi na makaratasi. Hilo laweza kurekebishwa kabla hajaja.

Sasa turudi kwa kijana wa bwana wetu na vitu vyake ving'aavyo. Kwanza avitazame kivulini. Ulanga, ambao ni tele katika vijito vya nchi ya graniti, humetameta juani na kufifia kivulini, na ukitikiswa majini huelea na kwenda zake. Dhahabu rangi yake haibadiliki, nayo hukaa chini ya mchanga mweusi. Iko pia pairaiti, jiwe la chuma na kiberiti, la njano kama shaba na zito kiasi. Aweke chembe juu ya jiwe aigonge kwa nyundo: pairaiti huvunjika ikawa unga mweusi, na ikichomwa hunuka kiberiti, dhahabu hubabataa tu, haivunjiki. Ncha ya sindano huingia katika dhahabu kama iingiavyo katika risasi laini.

Ikiwa ni ulanga, migomba imepona. Ikiwa ni dhahabu kweli, bado asing'oe kitu. Bonde lile, kama mabonde mengi ya huko, yaelekea limekwisha kuoshwa mara moja kwa mfereji katika miaka ya 1930, na kilichobaki ni kile kilichowaponyoka wale wa kwanza pamoja na kidogo kilichoshuka tangu hapo. Na achimbe shimo moja dogo la kujaribia, mahali pasipo na mgomba, hata afike kwenye mwamba, aoshe makarai kumi ya changarawe ya chini kabisa, na alichopata akipime kwa mizani ya sonara. Hesabu tumekwisha kumpa hapo juu. Aifanye mwenyewe, kisha ailinganishe na mikungu ya ndizi ambayo bonde lile huwapa kwa mwaka. Na kama hesabu yaonyesha faida, ofisi ya madini ndiyo ya kwanza kuendewa, kabla ya sululu ya pili.

Lile shimo la kujaribia lisiachwe wazi, maana ng'ombe na watoto hutumbukia, na maji yake huzalisha mbu. Wakati wa kulichimba udongo mweusi wa juu na uwekwe upande mmoja, na ule mwekundu pamoja na changarawe upande wa pili. Wakati wa kulifukia changarawe irudi kwanza, kisha mwekundu, na mweusi uwe wa mwisho juu. Wachimbaji wa zamani waliugeuza udongo huo chini juu, na kando ya mito ile mpaka leo kuna vipande visivyoota kitu ila magugu.